Mvinyo wa Ferrari wa Trento na Familia Iliyoununua

Ndugu zangu watazamaji, habari za huko nyumbani. Tangu nihamie huku kaskazini mwa Italia, wapenzi wa mbio za Formula One wamekuwa wakiniuliza kama ile chupa ya Ferrari ambayo madereva walimwagiana jukwaani kuanzia mwaka 2021 hadi 2024, badala ya shampeni, inatengenezwa na kampuni ya yale magari mekundu. Haitengenezwi nao. Ferrari ni jina la ukoo lililoenea sana Italia, na mwenye mvinyo huu hakuwa na uhusiano wowote na Enzo Ferrari wa Maranello, mwanzilishi wa kampuni ya magari. Aliitwa Giulio Ferrari, mtu wa Trento, mji uliomo katika bonde la mto Adige, chini ya milima ya Alpi, na alianza shughuli zake mwaka 1902, wakati Trento ilikuwa bado chini ya dola ya Austria na Hungaria. Najua wengi wenu hamtumii kileo, wengine kwa sababu ya dini na wengine kwa hiari yao, lakini naamini habari ya urithi iliyomo katika chupa hii itawafaa hata ninyi.

Giulio alikuwa amesomea kilimo cha mizabibu, akaenda Ufaransa, akajionea jinsi watu wa Champagne wanavyotengeneza mvinyo wao wenye mapovu, kisha akarudi kwao akiamini kwamba miteremko ya Trento ingeweza kutoa kitu cha kiwango hicho. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kupanda zabibu za Chardonnay kwa wingi katika nchi hii. Alitengeneza chupa chache tu kwa mwaka, kwa ukali wa mtu asiyekubali kosa, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto, uzee ulipomkaribia ilimbidi atafute mtu wa kumkabidhi kazi yake. Mwaka 1952 alimuuzia Bruno Lunelli, aliyekuwa na duka la mvinyo mjini humo humo. Kwetu tumezoea mali kufuata damu, kwa hiyo mimi navutiwa sana na hatua hii, hasa kwa kuwa mzee hakupokea fedha akaenda zake. Aliendelea kufika kazini karibu na mrithi wake hadi alipofariki mwaka 1965. Bruno naye aliwaachia wanawe Franco, Gino na Mauro, na tangu mwaka 2011 kampuni inaongozwa na Matteo Lunelli, wa kizazi cha tatu, akiwa pamoja na ndugu zake wa ukoo. Ndiyo maana nyumba inaitwa Ferrari ilhali wenye nyumba ni akina Lunelli.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Mvinyo wa mapovu unahitaji zabibu zenye ukali fulani wa asili, yaani zilizoiva bila kupoteza uchachu wake, na hapo ndipo milima inaposaidia. Mashamba ya Ferrari hupanda hadi mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambapo mchana jua huivisha tunda na usiku baridi hulizuia lisilegee. Mtazamaji wa Dodoma atacheka kusikia mita 700 zikiitwa mlima, kwa maana mji wake uko juu zaidi ya mita 1,100, lakini akumbuke kwamba yeye yuko karibu na ikweta na mizabibu yake huvunwa mara mbili kwa mwaka, wakati huku mavuno ni moja tu, kuanzia mwishoni mwa Agosti, na sheria za eneo hili zinataka yafanywe kwa mikono.

Juisi ikishachachuka mara ya kwanza hupatikana mvinyo wa kawaida, mkali na usio na mapovu. Mvinyo huo hutiwa chupani pamoja na chachu na sukari, takriban gramu 24 kwa lita, kisha chupa hufungwa kwa kizibo cha chuma kama cha soda na kulazwa gizani. Chachu hula sukari na kutoa hewa ya ukaa, na kwa kuwa hewa haina pa kutokea, huyeyuka ndani ya mvinyo hadi mgandamizo unafikia kama bar sita, zaidi ya mara mbili ya tairi la gari dogo. Wengi hudhani kazi imekwisha hapo, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Chachu ikishakufa hubaki chupani kama mashapo, na kadiri miezi inavyopita mashapo hayo huvunjika taratibu na kuupa mvinyo harufu ya mkate uliotoka tanuruni. Sheria ya Trentodoc, yaani jina rasmi la mvinyo wa mapovu wa eneo hili la Trento, inataka angalau miezi 15 ya mapumziko hayo, miezi 24 kwa mvinyo wa mavuno ya mwaka mmoja, na 36 kwa ule unaoitwa Riserva. Baadaye chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo mpaka mashapo yote yashukie shingoni, shingo hugandishwa, kizibo hufunguliwa, na kile kipande cha barafu chenye uchafu huruka nje kwa nguvu ya hewa.

Prosecco, mvinyo mwingine wa mapovu wa Italia ambao wengi mnaufahamu zaidi, kwa kawaida huchachushwa mara ya pili katika tangi kubwa lililofungwa na huwa tayari baada ya muda mfupi. Siidharau hata kidogo. Ni nyepesi, ina harufu ya matunda, na bei yake inavumilika. Lakini hiyo ni biashara nyingine.

Jambo lililonishawishi kwamba familia inaweza kufanya ambacho mwekezaji wa haraka hawezi ni kisa cha Mauro, aliyekuwa mtaalamu wa mvinyo kati ya wale ndugu watatu. Kutokana na mavuno ya mwaka 1972 aliweka kando chupa kadhaa kwa siri, bila kaka zake kujua, ili aone kama Chardonnay ya milima hii ingeweza kuhimili miaka mingi juu ya mashapo. Alipowaonjesha, miaka minane ilikuwa imepita, na hapo ndipo ilipozaliwa Giulio Ferrari Riserva del Fondatore, yenye jina la mzee wa kwanza. Hebu fikirieni mhasibu wa kampuni yenye wanahisa wageni akielezwa kwamba fedha zimelala gizani kwa miaka minane kwa sababu fundi mmoja alikuwa na hamu ya kujua.

Kwa mnaokunywa, mkiikuta chupa ya Ferrari dukani tafuteni maneno Metodo Classico, yaani njia hii ya kuchachusha mara ya pili ndani ya chupa, na Trentodoc, kisha geuzeni chupa mtazame nyuma, kwani baadhi ya watengenezaji huandika mwaka wa sboccatura, yaani mwaka ambao mashapo yalitolewa. Neno Brut linamaanisha sukari isiyozidi gramu 12 kwa lita, kwa hiyo anayependa vitamu asije akanilaumu. Ipozeni hadi nyuzi 8 au 10, tumieni glasi yenye tumbo pana badala ya ile nyembamba ya harusini ili harufu ipate nafasi, na mnapofungua, shikeni kizibo kwa nguvu na kuzungusha chupa, si kizibo.