Nani Kachora Gari Yako? Mhadhara wa Jumamosi, Dodoma

Haya jamani, maiki inasikika huko nyuma? Mliokaa karibu na feni mnasikia? Sawa. Wazee shikamooni, vijana mambo vipi, na nyie mafundi mliofunga gereji mapema leo mkaja asanteni sana, maana nyie ndo watu niliokuwa nawataka humu ndani.

Nimeombwa niongee kuhusu watu waliochora magari, na hali ikoje sasa hivi kwenye hiyo kazi. Ngoja niseme msimamo wangu mapema ili anayetaka kubisha aanze kujiandaa: gari nzuri karibu zote ninazozijua zilichorwa na mtu aliyebanwa. Kabanwa bati, kabanwa hela, kabanwa nafasi, bosi kamwambia hiki hapana na kile hapana. Alafu gari nyingi za leo zinazoumiza macho, ukizichunguza, mchoraji kaachiwa acheze kwenye sho ya mbele na taa za nyuma tu, kwingine kote kuna sheria na kompyuta, basi hasira zake zote anazimalizia hapo hapo mbele. Mengine nitakayosema ni mifano.

Tuanze na Mmarekani anaitwa Harley Earl. Kabla yake bodi ilikuwa jambo la mwisho, mainjinia wakishamaliza mambo yao ndo inatafutwa bodi ya kufunika. 1927 General Motors wakamfungulia idara yake ya kuchora, na yeye ndo aliwazoesha wenye viwanda kuchonga gari nzima kwa udongo kabla haijatengenezwa. Mpaka leo, pamoja na kompyuta zote hizi, viwanda vikubwa bado vinachonga udongo, kwa sababu kuna mikunjo ambayo jicho haliioni mpaka mkono uipapase. 1938 akatoa Buick Y-Job, gari ya kuonesha tu, watu waikose usingizi. Alafu yale mapezi mnayoyaona kwenye picha za zamani: aliipenda ndege ya kivita ya P-38, Cadillac ya 1948 ikatoka na vipezi vidogo nyuma, kufika 1959 yale mapezi yamekuwa marefu unaweza kuanikia nguo. Kipaji alikuwa nacho, sikatai. Ila na ugonjwa mmoja ulianzia kwake, ule wa kubadilisha sura kila mwaka ili ya jirani ionekane mpya na yako ionekane imechoka, wakati chini mashine ni ileile. Mtu hapa Area D anauza Harrier yake tako la nyani, nzima kabisa, haijamkosea kitu, anaongeza hela ndefu apate taa za nyuma za umbo lingine. Huyo ni mteja wa Harley Earl bila kujijua.

Sasa njooni Uingereza, 1947. Vita imeisha, chuma cha mgao, kinachopatikana ni aluminiamu. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kule Wales kisiwa cha Anglesey, akachora umbo la gari kwenye mchanga ufukweni. Mwaka uliofuata, 1948, Landrover ikaoneshwa Amsterdam. Itazameni ile gari. Ubavu bapa, mlango bapa, madigadi ya mbele bapa, kwa sababu bati la kukunja kirahisi halihitaji mashine kubwa za kugandamiza, na hela ya hizo mashine haikuwepo. Hata ule ukijani wa zile za kwanza ilikuwa rangi ya jeshi iliyobaki baada ya vita. Hakuna mtu aliyekaa kikao akasema tufanye gari yenye sura ya kibabe. Sura imekuja yenyewe kutokana na shida, na ndo maana haijazeeka. Wazee wangu wa hapa mnaikumbuka inavyopandisha Kondoa watu mpaka kwenye keria, magunia, kuku, na mgonjwa kalazwa katikati.

(Mzee mmoja: na haina breki!) Breki ni mada ya wiki ijayo mzee wangu.

Dada yake ni Land Cruiser mkonga. Hiyo familia ya 70 ilitoka 1984 na Toyota wanaiuza mpaka leo, na kila mradi ukija huku kati, maji, afya, barabara, utaiona imepaki. 2007 wakaibadilisha uso wakaiwekea taa za kisasa za kulalia pembeni, 2023 wakarudi kwenye taa za duara. Miaka yote hiyo wakaishia walipoanzia. Mi nilicheka sana.

Kuna mwingine, Alec Issigonis, huyu alizaliwa Izmir, Uturuki ya leo, wakati huo ikiitwa Smyrna. 1956 mgogoro wa mfereji wa Suez umeleta uhaba wa wese Uingereza, wakamwambia tunataka gari ndogo kabisa inayobeba watu wanne wazima. Akatoa Mini 1959. Urefu mita 3 na ushee. Alichofanya ni kuilaza injini kiubavu na gia akaziweka chini yake, magurudumu ya mbele ndo yanavuta, matairi madogo yamesukumwa kwenye kona, kwa hiyo asilimia 80 ya sakafu ikabaki kwa ajili ya watu na mizigo. Wajuaji watasema gia kukaa pembeni ya injini, kama tunavyoona sasa, ni kazi ya Mtaliano Dante Giacosa kwenye Autobianchi Primula ya 1964, na ni kweli. Ukifungua boneti ya IST yako hapo nje unawaona wote wawili. Na Vitz ya kwanza, ya 1999, mnayoidharau mnaiita gari ya mademu, ilichorwa na Mgiriki anaitwa Sotiris Kovos, na Ulaya waliipa tuzo ya gari ya mwaka 2000. Vitz! Ile geji iko katikati ya dashibodi, watu wanaisema vibaya, lakini faida yake ni kwamba usukani ukihamia kushoto au kulia geji haihami.

Sasa huyu wa kwangu mimi, nitakaa naye kidogo mnivumilie. Giorgetto Giugiaro, Mtaliano, kazaliwa 1938 kwenye familia ya wachoraji wa makanisa. 1968 akaanzisha kampuni yake na mwenzake Aldo Mantovani, Italdesign. Volkswagen walikuwa na Kobe wao, ile Beetle, anazeeka, hawajui waende wapi, Giugiaro akawachorea Golf, ikatoka 1974, mistari imenyooka, nyuma pameinama na mlango mkubwa wa buti. Mwaka huohuo kule Turin ikaoneshwa Hyundai Pony, gari ya kwanza ya Wakorea wenyewe, na kachora yeye. Hawa Wakorea mnaowaona leo walianza kwa kumlipa mtu anayejua, wakakaa pembeni wanaangalia anavyofanya. Alafu 1980 ikaja Fiat Panda. Vioo vyote bapa, viti kitambaa kimetandazwa kwenye mabomba, unakivua unafua. Mwenyewe aliifananisha na suruali ya jinzi, nguo ya kazi isiyojisumbua. Huyuhuyu kachora kamera za Nikon, kachora mpaka tambi, ndio tambi za kula, na 1999 akapewa heshima ya mchora magari wa karne. Lakini kachora pia DeLorean ile ya chuma cha pua yenye milango ya kufungukia juu, na mi nasema wazi Panda ni kazi kubwa kuliko DeLorean. DeLorean inapigiwa picha. Panda imepeleka watu kazini miaka.

Marcello Gandini, umri mmoja na Giugiaro, 1938, kafariki 2024. Lamborghini Miura, Countach, zile za kubandika ukutani. Nampita haraka sio kwamba namdharau, ila hakuna mtu humu atakayeikanyagisha Countach matuta ya Dodoma.

Na mkisikia watu wanalalamika kwamba siku hizi gari zote zinafanana, waambieni hayo malalamiko ni ya kizee. Nyumba ya Pininfarina, wachora magari wa Italia, iliwachorea Austin na Peugeot 404 karibu mwaka mmoja, 1959 mpaka 1960, ukiziweka pamoja unaona ndugu wawili. Na hiyo 404 ndo Bert Shankland wa hapa kwetu Tanzania alishindia Safari Rally 1966 na 1967 mfululizo, kwa hiyo kufanana hakukuizuia kitu.

Kufanana kwa sasa hivi kuna sababu zake. Ya kwanza upepo. Audi 100 ya 1982 ilitamba kwa kipimo cha 0.30 cha kukatiza upepo, kikiwa kidogo ndo vizuri, na tangia hapo kila mmoja anapeleka gari kwenye handaki la upepo, na upepo hauna kabila, unampa kila mtu jibu lilelile: mbele duara, paa linashuka, nyuma pamekatwa. Ya pili usalama. Boneti imenyanyuka ili mtu akigongwa kichwa kisikutane na injini moja kwa moja, nguzo za kioo zimenenepa ili paa lisibonyee gari ikipinduka. Haya mazuri, yanaokoa watu, siyalaumu. Ya tatu, jukwaa la chini moja linavaa bodi tano za majina matano. Ya nne ni hela: gari ndefu ya kunyanyuka inauzwa kwa faida kubwa kuliko kigari kidogo, basi kila kitu kimekuwa shangingi au mtoto wa shangingi. Na za umeme betri imetandazwa sakafuni kwa hiyo nazo zimepanda juu.

Sasa mchoraji kabakiwa na nini? Uso. Chris Bangle wa BMW alianzisha vurugu 2001 na 7 Series yenye kifuniko cha buti kama kimepachikwa kutoka gari nyingine, watu wakakusanya saini mtandaoni afukuzwe, yeye akaendelea mpaka 2009 na mikunjo yake ya ubavuni ikaigwa kila mahali. Huyo mi namheshimu, alikuwa na wazo. Waliomfuata wengi wamechukua mikunjo wakaacha wazo. Angalieni Alphard mpya ilivyo sho ya mbele tupu, BMW pua mbili zimefika kwenye namba ya gari, na kinachonichosha kabisa ni zile tundu za kupitisha upepo ambazo hazipitishi upepo, plastiki nyeusi imezibwa kwa nyuma. Gari ya umeme haihitaji rejeta kubwa lakini bado wanaichorea mdomo. Alafu skrini. Kuwasha feni unaingia menyu mbili huku Fuso inakuja mbele yako. Ulaya wameanza kushtuka, kuanzia 2026 wale wapimaji wa usalama wa magari, Euro NCAP, hawakupi alama kamili kama indiketa, honi, waipa na hazadi havina vitufe vya kushika. Sisi huku skrini zetu zinaongea Kijapani, hilo janga ni letu peke yetu.

Juzi nilikaa gereji moja hapa mjini naangalia fundi anashona bampa ya Crown iliyopiga tuta. Anapasha spoku ya baiskeli kwenye jiko la mkaa, anatoboa vitundu pande mbili za ufa, anapitisha waya mwembamba, kwa nyuma anausokota na plaizi, anabonyeza kwa chuma cha moto mpaka plastiki inayeyuka inafunika waya, puti, msasa, rangi. Ukirudi jioni huoni alama. Pembeni yake taa ya LED ya gari hiyohiyo imepasuka sikio moja tu la plastiki, na hiyo haishonwi, imefungwa moja kwa moja kiwandani, unanunua nzima, na ukitajiwa bei unajiuliza si bora ungemalizia kiwanja cha Ihumwa. Landrover ilikuwa na taa ya duara ya inchi 7, ya Landrover ikifa unaweka ya lori. Mchoraji aliyechora hiyo taa ya Crown hajawahi kumuwazia huyu fundi hata sekunde, na hana kosa, hakuna aliyemwambia kwamba yupo.

Kuna mtu mmoja alituwazia. McKinley Thompson, Mmarekani mweusi wa kwanza kuchora magari Ford, aliingia 1956, michoro yake imo kwenye ukoo wa Bronco. Kwa muda wake mwenyewe akabuni gari ya bodi ya plastiki inaitwa Warrior, rahisi kuunda, haili kutu, akilenga nchi zinazoendelea, Afrika ikiwemo, ili ziunde zenyewe. Hakupata wa kuweka hela. Ile aliyoitengeneza ipo makumbusho ya Henry Ford kule Dearborn. Baadaye Ed Welburn, mweusi pia, alikalia kiti kilekile cha Harley Earl pale General Motors kuanzia 2003 mpaka 2016. Na hapa nyumbani tuna Nyumbu, kile kituo cha jeshi cha kuunda magari kule Kibaha, na Machi 2022 Masoud Kipanya, huyuhuyu wa katuni, akazindua kigari chake cha umeme. Watu walicheka umbo lake. Mi nililipenda, kwa sababu linaonesha mtu aliyekuwa na mabati na hela za kuhesabu, na tumeshaona hao huwa wanafika wapi.

Nyie wa VETA na UDOM mliobeba madaftari, kazi ya kuniletea ni hii: chora gari ya kutoka Singida na magunia ya alizeti, vumbi lisiingie, jua la hapa lisigeuze taa kuwa njano miaka miwili, bampa ije vipande vitatu ili kona ikivunjika ubadili kona. Na hakuna kuchora mdomo.

Maswali. Mama pale? Anauliza kati ya Sienta na Noah achukue ipi, ana watoto na ana shamba la zabibu Hombolo. Mama yangu, kabla hujaenda yadi pita duka la spea, ulizia taa ya mbele, bampa na mlango wa kuteleza wa zote mbili. Alafu nenda na kreti moja la zabibu ujaribu kulipakia mwenyewe, uone sakafu ya buti iko juu kiasi gani. Mi ningechukua Noah, ila old model. Haya, wewe kijana wa shati la kijani, una swali au umenyoosha mkono tu?