Kwa Nini Nawasikiliza Punch Brothers: Jibu kwa Mnaoniuliza Kila Wiki

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Unguja, Mombasa na popote mnaponitazama. Niko hapa Louisville, Kentucky, na leo nimelazimika kukaa mbele ya kamera kwa sababu ya swali moja mnalolirudia kila ninapoweka video: ule muziki wa banjo wa mwezi uliopita ni wa nani, na mimi niliyekulia kwenye taarabu nimeupendea nini? Wapo waliouliza kwa adabu, na wapo walioandika kwamba nimeanza kujifanya Mzungu wa shamba. Sijitambi, maana mtu wa zamu ya usiku ghalani hana cha kujitambia. Wala simlalamikii mtu, isipokuwa mahali pamoja hapo mbele, na hapo mtanivumilia.

Bendi ile inaitwa Punch Brothers, na ni ya watu watano: Chris Thile anapiga mandolini, ala ndogo ya nyuzi nane, na kuongoza uimbaji, Noam Pikelny anapiga banjo, Chris Eldridge gitaa, Paul Kowert besi, na fidla, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa Gabe Witcher, sasa inapigwa na Brittany Haas. Kwa sikio la mtu wa taarabu, fidla na besi ni wenyeji. Kilichonishangaza ni kwamba ngoma haipo na mdundo upo. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa huku, alinionesha siri hiyo katika maegesho ya magari wakati wa mapumziko. Alipakata mandolini yake, akakandamiza nyuzi zote nane, akazipiga mara moja kwa nguvu, na papo hapo akalegeza vidole bila kuviondoa, sauti ikakatika kabla haijapata kuvuma: chak! Besi inashika pigo la kwanza na la tatu, mandolini inalijibu la pili na la nne, na hizo mbili ndizo dumbaki na rika zao, badala ya zile ngoma zetu za taarabu.

Mzee huyo huyo hawapendi Punch Brothers hata kidogo. Kwake yeye blugrasi, yaani huu muziki wa banjo, fidla na mandolini, ni ya Bill Monroe, mtu wa Rosine humu humu Kentucky, ambaye bendi yake, Blue Grass Boys, ndiyo iliyoupa muziki huu jina. Vijana wa Punch Brothers wanamuudhi kwa sababu albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2008, ilibeba utunzi mmoja wa sehemu nne unaochukua kama dakika 40, na katika albamu yao ya mwaka 2015 walikichukua kipande cha piano cha Debussy, mtunzi Mfaransa wa muziki wa klasiki, wakazigawia zile ala tano. Anasema huo ni muziki wa watu wanaokaa kwenye viti wakiogopa kukohoa.

Mimi humjibu kwa historia yake mwenyewe. Monroe alijifunza nyimbo za fidla kwa mjomba wake, lakini pia alijifunza kwa Arnold Shultz, mpiga gitaa Mweusi, aliyemwonjesha bluzi, muziki wa Weusi wa Marekani. Na banjo yenyewe asili yake ni ala za Waafrika waliopelekwa utumwani ng'ambo ya bahari. Upigaji wa banjo kwa vidole vitatu, ambao mzee anauita asili, uliingia katika bendi ya Monroe mwishoni mwa mwaka 1945, Earl Scruggs alipojiunga. Sisi nasi tunaijua hali hiyo: Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu, wapo Unguja tangu mwaka 1905, wakipiga kwa ala na mitindo iliyotoka Misri, na leo atakayeiita kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ngeni mbele ya wazee wa taarabu atafute mlango mapema.

Na Punch Brothers hawajaitupa shule yao ya blugrasi. Hata ndani ya Debussy kila ala inajua zamu yake, mmoja anaposogea mbele wengine wanarudi nyuma, kama ilivyokuwa tangu zama za Monroe. Eldridge ni mtoto wa mpiga banjo, na gitaa aliwahi kufundishwa na Tony Rice mwenyewe, gwiji wa gitaa la blugrasi. Mwezi Novemba 2020 bendi iliirekodi upya kwa namna yao albamu nzima ya Rice ya mwaka 1983, iwe zawadi kwake, naye akafariki siku ya Krismasi mwaka huo huo. Albamu ikatoka mwaka 2022.

Sasa lile lalamiko. Kwa sekunde 18 za muziki ule, mapato yote ya matangazo ya video yangu yamekwenda kwa mwenye haki. Hilo silipingi, kazi ni yao. Ninachopinga ni fomu ya kuomba kibali: mimi nina majina matatu, fomu ina nafasi mbili, nikijaza mawili naambiwa hayalingani na kitambulisho, nikijaza matatu inakataa kwenda. Nimeituma mara nne. Na mnaosema natamba kwa tiketi za maonesho, tiketi iliyoandikwa dola 48 ilifika dola 67 baada ya ada za huduma ambayo sikuiona. Ile tofauti niliilipa kwa saa za ziada.

Anayetaka kuanza kuwasikiliza, mimi ningempa kwanza hiyo albamu ya mwaka 2022, Debussy aje baadaye, lakini hilo ni sikio langu na mwingine huenda akachoka kabla ya wimbo wa pili. Leo sitaweka muziki wowote. Mtakachosikia hapa mwishoni ni mkono wangu juu ya meza: kiganja ni besi, kucha ni mandolini.