Mashine Zinazozunguka na Bamba Lililotulia

Jamani karibuni. Leo naongelea etchingi, ile picha inayochorwa kwenye bamba la shaba au zinki halafu inachapwa kwenye karatasi, na nitaanza na Alexander Calder kwa sababu huyu Mmarekani kabla hajawa msanii alisomea uhandisi wa mitambo kabisa, akamaliza chuo mwaka 1919. Mwaka 1932 akaonyesha Paris sanamu zinazocheza, nyingine zinasukumwa na mota ndogo, nyingine unazungusha hendeli kwa mkono, na msanii Mfaransa Marcel Duchamp ndo akazipa jina, mobile.

Sasa mtu wa vitu vinavyozunguka anatafuta nini kwenye karatasi? Maana Calder kweli alichora kwenye mabamba, miaka ya 1940 alikuwa anafika Atelier 17 ya mchapaji Mwingereza Stanley William Hayter, karakana ya uchapaji iliyoanza Paris 1927 ikahamia New York 1940 kwa sababu ya vita, na mwaka 1944 akatoa etchingi inaitwa The Big I. Na huyo Hayter mwenyewe alisomea kemia, aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya mafuta Abadan, huko Iran, kwa hiyo asidi hazikumtisha hata kidogo.

Mimi nasema Calder alichokikuta humo ni muda. Angalia kazi inavyokwenda: bamba unalipaka nta, unachora kwa sindano mpaka shaba ionekane, unalitumbukiza kwenye asidi, na asidi inakula pale tu ulipokwaruza. Ukitaka mstari mwepesi unalitoa mapema, unauziba huo mstari kwa vanishi, unalirudisha ndani, ile mingine inaendelea kuliwa, inazama, na ikizama inabeba wino mwingi zaidi. Yaani weusi unaouona kwenye karatasi ni dakika, mstari mzito umekaa kwenye asidi muda mrefu kuliko mwenzake, basi! Ndo maana picha ya magurudumu na nyaya iliyochapwa hivi inakuwa na mwendo ndani yake ambao kalamu ya kawaida haikupi, na hili linanifurahisha kila nikiliona.

Halafu mnajua mafundi wa elektroniki wanaotengeneza bodi za saketi wenyewe? Ni njia hiyohiyo, shaba inafunikwa pale inapotakiwa kubaki, kwingine inaliwa na feriki kloraidi, dawa ileile tunayoitumia sisi wachapaji. Kwa hiyo etchingi na mashine ni ndugu wa damu kabisa, na msanii akichora mtambo kwenye shaba hajaenda ugenini.

Haya, sogeeni mezani, bamba limeshapakwa nta, sindano zipo, kila mtu achore kipande chake cha mashine, gurudumu, mkanda, springi, chochote, ila kumbukeni karatasi itatoa picha iliyogeuka, kulia inakuwa kushoto, kwa hiyo herufi ziandikwe kinyume. Asidi nitaishika mwenyewe, glovu ni jozi moja tu.