Kabla ya Kununua Feni: Joto na Kelele za Kompyuta ya Sebuleni

Asanteni. Mafundi wenzangu, na nyinyi mliokuja kwa sababu tu kompyuta iliyo chini ya televisheni yenu inanguruma, karibuni. Naanza na neno litakalowaudhi wauza vipuri waliomo humu: wengi wenye tatizo hili hawahitaji feni mpya. (Kicheko.) Feni ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Ikipiga kelele inawaarifu kwamba ndani kuna joto, na ama linazalishwa bila sababu ama limekosa njia ya kutokea. Basi leo nitakaa zaidi kwenye joto lenyewe.

Tazameni mashine hii hapa mezani. Ni kompyuta ndogo ya ofisi, ya mtumba, ina prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Intel Core i5 ya kizazi cha 7. Watu wanazipenda kwa sinema za nyumbani kwa kuwa ni za bei nafuu na zinaenea kabatini. Naweka filamu ya 4K iliyobanwa kwa HEVC, njia mojawapo ya kupunguza ukubwa wa faili la video. Sogeeni. Mnasikia kitu? Na angalieni kazi ya prosesa pale kwenye skrini, asilimia iko chini. Sasa naweka video nyingine yenye picha ya ukubwa uleule, ila hii imebanwa kwa AV1, njia mpya zaidi. Subirini kidogo… Haya. Nyinyi wa nyuma kabisa, mnaisikia?

Hakuna kilichoharibika. Prosesa za kizazi hiki zina sehemu maalumu ya kufungua HEVC, hata ile ya biti 10 yenye rangi nyingi zaidi, na sehemu hiyo inakula umeme kidogo sana. AV1 haiijui, Intel walianza kuiweka kwenye kizazi cha 11, mwaka 2020. Kwa hiyo viini vyote vinne vya prosesa vinaikokotoa picha kwa jasho, joto linapanda, feni inafuata. Ukibadilisha feni hapo hujatibu kitu.

Tiba ni kuipa mashine video inayoimudu. Kama unatumia programu ya kuchezea video kama VLC au Kodi, ingia kwenye mipangilio uhakikishe kazi ya kufungua video imeachiwa ile sehemu maalumu, iliyo upande wa michoro. Nimekuta mashine nzuri tu ambazo mtu alizima kipengele hicho siku picha ilipokwama, akasahau kukirudisha. Kwenye YouTube, kuna kiongezi cha kivinjari kiitwacho h264ify kinachoilazimisha itume H.264, njia ya zamani zaidi ya kubana video. Utabaki na picha ya 1080p, iliyo chini ya 4K, lakini kwa televisheni ya inchi 43 ukikaa kwenye kochi sidhani kama utalia. Na anayenunua upya aangalie mashine zenye Intel N100, iliyotoka 2023: imekadiriwa wati 6, AV1 inaifungua yenyewe, na zipo zisizo na feni kabisa.

Jambo jingine la bure, kwenye Windows. Fungua mipangilio ya umeme, tafuta kiwango cha juu cha prosesa, toa 100 weka 99. Kwa Intel nyingi za rika hili, asilimia hiyo moja inazima ule mwendo wa ziada wa prosesa kujipandisha kasi, ambao kwa sinema hauna faida yoyote.

Sasa sebule zetu. Mnaposoma majaribio ya feni na hitisinki, vile vibati vya chuma vinavyoitoa prosesa joto, kutoka Ulaya, kumbukeni yamefanywa kwenye chumba cha nyuzi 21 au 22. Hapa Dar es Salaam mwezi wa Februari, bila kiyoyozi, unaanzia 31 au 32. Hitisinki haiwezi kupoza chini ya joto la chumba. Kama kule prosesa ilifika 65, hapa itegemee 75, na hilo si kosa la fundi.

Halafu tunaichukua mashine hiyo tunaifungia kabatini, juu yake king'amuzi ambacho nacho kinachemka, na juu ya king'amuzi kile kitambaa cha kufuma alichotandika mama. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mnacho!

Fanyeni hesabu pamoja nami. Mita moja ya ujazo ya hewa ina takriban kilo 1.2, na kuipandisha joto nyuzi moja kunahitaji kama jouli 1,200. Mashine inakula wati 60. Ukitaka hewa itoke ikiwa imezidi nyuzi 10 tu kuliko ilivyoingia, unahitaji lita 5 za hewa kwa sekunde. Tano tu! Feni ya milimita 120 inazitoa ikizunguka taratibu mno. Ndiyo maana nasema upepo haujapungua, kilichokosekana ni njia. Toboa kabati nyuma, tundu moja chini na jingine juu, kila moja la upana wa kiganja, hewa moto itapanda na kutoka. Ukiliacha limefungwa, feni inavuta hewa ileile iliyoitema, na kila dakika inaipokea ikiwa moto zaidi.

Kwa wenye kasha kubwa: feni pana inayokwenda polepole, siku zote. Ukishusha mzunguko wa feni kwa nusu, hewa inapungua nusu, ila kelele inashuka kwa takriban desibeli 15, na sikio huhesabu desibeli 10 kuwa kama nusu ya kelele. Biashara nzuri hiyo.

Na kelele inayokera hasa ni ile inayobadilika. Pangaboi linavuma usiku kucha na unalala, kwa kuwa mvumo wake ni mmoja. Feni ya kompyuta inayopanda na kushuka kila sekunde chache itakufanya upunguze sabufa uisikilize yenyewe. Kwenye BIOS, mipangilio ya ndani inayofunguliwa mashine inapowaka, weka mwendo mmoja wa chini hadi nyuzi 60, kisha upande polepole, na kama kuna kipengele cha kuchelewesha feni kupanda, kitumie.

Vumbi nalipitia haraka, ila hili mlione. Naing'oa feni ya mashine hii nyingine. Juu hitisinki ilionekana safi. Chini ya feni, angalieni: kitambaa kizima cha kijivu kimeziba nafasi za vile vibati vya alumini, kwa sababu vumbi la pwani limeshika unyevu. Tumieni brashi na blowa, huku kidole kimeizuia feni isizunguke, maana ikipulizwa kwa kasi bearingi zinaumia. Na tafadhali msipeleke kompyuta kwa mtu wa pancha. Upepo wake unakuja na maji na mafuta. Ukifungua hitisinki, futa pesti ya zamani yote iliyo kati yake na prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya mchele.

Maswali? Ndiyo, kaka wa shati la bluu.

Anauliza: fundi kamwambia nyuzi 75 ni hatari, aongeze feni. Hapana, ndugu yangu. Intel nyingi za mezani hujipunguza zenyewe zikikaribia 100. Sabini na tano kwa filamu, nyumba ya Dar, acha.

Dada anauliza kuhusu mngurumo mzito usiobadilika hata filamu ikisimama. Huo si wa feni, dada, ni diski. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika inatikisika mara 120 kwa sekunde, na ubao wa kabati unaikuza. Iwekee mipira kwenye skrubu zake, au uweke Windows kwenye SSD, diski isiyozunguka, na diski ya filamu uihamishie chumba kingine, uisome kupitia kebo ya mtandao. Waya wa mita 10 utakutosha, na uupitishe juu ya mlango.