Jinsi ya kutambua likeni ya kahawia kwenye gome la mti

Haya wadau, tuko kwenye mti, angalieni hapa nilipoweka kidole. Hii kitu ya kahawia iliyojibandika kama majani makavu ni likeni, yaani kuvu na mwani wanaishi pamoja, mwani anapika chakula kwa mwanga, kuvu ndo kajenga nyumba. Na msiikwangue mkidhani mti unaumwa, hainyonyi mti, imeshika gome tu.

Kwanza maji. Puliza kidogo, subiri... mnaona? Kahawia inageuka kijani kama ya zeituni, kwa hiyo ukiikuta baada ya mvua usiseme siyo yenyewe, rangi peke yake inadanganya sana.

Sasa chukua lenzi ya mkono, ile ya mara 10, isogeze hadi karibu na jicho halafu wewe ndo uusogelee mti. Tafuta vijinundu. Vikiwa bapa, vinang'aa, vimekaa kama vijiko vidogo, hiyo huenda ni Melanohalea exasperatula. Ukiona kama unga unga na ukisugua kidogo panabaki alama ya njano njano, fikiria Melanelixia subaurifera.

Majina yanafanana hadi yanakera, najua! Zamani zote zilikuwa jenasi moja, yaani kundi moja la spishi ndugu, Melanelia, zikatenganishwa 2004.

Ndo maana tunaenda kwenye hatua ninayoipenda, dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ya klorini. Kata kipande kidogo tu kama ukucha wa mtoto, maana hizi zinakua milimita chache kwa mwaka, ukibandua yote umefuta kazi ya miaka. Kipande kiwe mbali na mti, kwa wembe kwangua ngozi ya juu taratibu mpaka utokee weupe wa ndani, hapo hapo gusisha tone moja kwa ncha ya kijiti cha meno na usipepese macho, wekundu ukija unakuja kwa sekunde na unapotea. Pakiwa pekundu ni Melanelixia, ina asidi ya lekanoriki, kemikali inayoleta huo wekundu, pakibaki peupe elekea Melanohalea.

Mimi siku moja nilipima vipande sita, vyote vyeupe, nikaanza kujiona nimegundua jambo, kumbe dawa yenyewe ilikuwa imekaa kabatini mpaka imeisha nguvu. Kwa hiyo mimina mpya, na isikuguse machoni.