Paka Wako Ana Mimba: Kazi Yako Iko Wapi?

Assalamu alaykum. Nashukuru kwa kunikaribisha hapa barazani jioni hii, na nawashukuru zaidi mliokuja na watoto, maana mara nyingi mtoto ndiye anayegundua kwanza kwamba paka wa nyumbani amebadilika.

Nitaanza na usiku mmoja. Zamani tulipokaa shamba nilikuwa na paka wa kijivu mwenye kifua cheupe, tukimwita Zawadi. Alizaa watoto wanne ndani ya boksi nililomtandikia khanga kuukuu kwenye kona ya stoo. Nikafunga mlango, nikaenda kulala nikijua nimemaliza kazi. Alfajiri nikasikia vitoto vinalia kilio ambacho hadi leo sijakisahau. Kuwasha taa, siafu wamepanga mstari kutoka chini ya mlango hadi ndani ya boksi. Wamefuata harufu ya damu ya uzazi. Wawili walikuwa wameshakufa. Zawadi amembeba wa tatu mdomoni, anazunguka chumba kizima, hajui ampeleke wapi. Na mimi wakati ule nilikuwa nimeshasomea mifugo! Nilifundishwa taulo, mkasi na uzi. Siafu hakuna aliyenitajia.

Tangu siku ile neno langu ni moja. Paka anajua kuzaa, hahitaji mkunga. Kazi yetu ni kumwondolea vitu vinavyomdhuru kabla ya usiku ule kufika, na kuitambua saa ya kukimbilia kwa daktari.

Tuanze na hesabu. Mimba ya paka ni wiki tisa, siku 63 hadi 65 kwa wengi wao. Kwa hiyo paka akiingia kwenye joto, yaani kutaka dume, akianza kulia usiku, kugaagaa sakafuni na kuinua mkia, andika tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Wiki ya tatu chuchu zinavimba kidogo na kuwa za rangi ya waridi. Wiki ya tano tumbo linaonekana. Tafadhali usilibonyeze kuhesabu watoto. Ukitaka kujua, daktari wa mifugo ana njia zake salama.

Watu huniuliza mbona paka wa Unguja wanazaa hivi, hawapumziki? Jibu liko kwenye jua. Joto la paka linafuata urefu wa mchana. Kule Uingereza, siku zinapokuwa fupi wakati wa baridi, paka wengi hutulia miezi kadhaa. Sisi tuko digrii sita tu kusini mwa ikweta, mchana wetu haupungui kiasi cha kumwambia mwili wa paka upumzike. Ukichanganya na vichwa vya samaki vya soko la Darajani, basi. Na watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti, kwa hiyo usishangae ukipata mweusi, wa madoa na wa rangi ya chungwa pamoja.

Sasa chakula. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tunapokosea kwa nia njema. Tunampa paka wali uliobaki na mchuzi. Wali unamjaza tumbo, haumjengi mtoto. Paka ni mla nyama. Kuna kitu kinaitwa taurini ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza cha kutosha, anakipata kwenye nyama na samaki. Akikikosa, macho na moyo wake vinaharibika, na watoto wanazaliwa dhaifu. Na ule mchuzi una kitunguu maji na kitunguu saumu, ambavyo vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mpe dagaa, lakini dagaa wetu huchemshwa kwa chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke, umwage maji hayo, kisha uwachemshe upya kidogo. Hayo maji ya pili usimwage, mpe anywe, maana taurini inatoka ikaingia kwenye supu. Samaki mbichi asizoeshwe, kwani baadhi yao wanaharibu vitamini B1. Ongeza ini kipande kidogo mara moja moja, yai lililochemshwa, kuku. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha paka wengi wakubwa; maji safi yanatosha.

Ifikapo wiki ya mwisho anahitaji karibu mara moja na nusu ya chakula chake cha kawaida, lakini tumbo limebanwa na watoto. Mgawie kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku.

Dawa nitasema kwa ukali, mnisamehe. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini inaweza kumuua. Mafuta ya taa mgongoni, kama wanavyofanya baadhi yetu, yanaunguza ngozi, na akijilamba anayameza. Akiwa na viroboto au minyoo, muulize daktari, umwambie wazi kwamba ana mimba.

Wiki mbili kabla ya siku zake, andaa mahali. Boksi la katoni linatosha, ukate mlango upande mmoja: mama apite, vitoto visitoke. Tandika magazeti, juu yake khanga kuukuu iliyofuliwa. Liweke penye giza kidogo na utulivu. Kwa ajili ya siafu, liweke juu ya meza fupi iliyo imara, kila mguu wa meza ndani ya kopo la maji yenye sabuni kidogo, kama bibi zetu walivyofanya kwenye makabati ya chakula. Wiki hizo hizo jua pia daktari yuko wapi, simu yake ni ipi, na nani atakupeleka saa nane za usiku.

Usiku wenyewe utaujua. Anakataa chakula, anakwaruza khanga, anakufuata mlango hadi mlango akilia. Wengine wanakoroma kooni mfululizo, kama paka aliyeridhika, ingawa wana maumivu. Keti mbali kidogo, punguza taa, nyamaza. Kitoto kinatoka ndani ya mfuko mwembamba unaong'aa; mama anaupasua kwa meno, anakata kitovu, analamba mpaka kitoto kilie. Karibu nusu wanatangulia miguu ya nyuma na mkia, si balaa. Ikipita dakika moja hajaupasua mfuko, nawa mikono, upasue wewe puani kwanza, futa mdomo, msugue mgongo kwa kitambaa kikavu, kisha mrudishe kwa mama. Usimrusherushe hewani. Kila kitoto na kondo lake: hesabu, kwa sababu kondo likibaki ndani linaoza.

Sasa saa ya kukimbia. Anasukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kitoto. Kitoto kimeonekana, kimekwama dakika kumi. Damu nyekundu inatiririka haikomi. Uchafu wa kijani umetoka na kitoto cha kwanza hakijaja. Na baada ya kuzaa, hata wiki ya pili au ya tatu, mama akitetemeka na kutembea kwa kukakamaa, kalsiamu yake imeshuka. Lolote kati ya haya, usisubiri kukuche.

Vitoto vinyonye dang'a ndani ya saa chache za mwanzo, maana kinga ya mama inapita humo. Kila kimoja huzaliwa na gramu 100 hivi. Pima kila asubuhi kwa mizani ya jikoni. Kinachoongezeka gramu 10 kwa siku kiko salama, kinachopungua kinakuomba msaada kabla hujakisikia kikilia. Macho yanafunguka siku ya 7 hadi ya 10. Usimgawie mtu kitoto kabla ya wiki nane. Na mama yao anaweza kushika mimba nyingine huku ananyonyesha, kwa hiyo mzuie ndani, upange na daktari siku ya kumfunga kizazi.

Kuna bibi pale nyuma ameuliza: binti yake ana mimba, na jirani amemwambia paka afukuzwe. Hapana, bibi, asifukuzwe. Kimelea anachokihofia jirani, kile cha toksoplasma kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni, kinatoka kwenye kinyesi cha paka, si kwenye manyoya, na kinahitaji angalau siku nzima kabla hakijaweza kumwambukiza mtu. Kinyesi kisafishwe kila siku, na asiwe binti anayesafisha. Mkwe wako afanye kazi hiyo miezi hii. Binti anawe mikono akitoka bustanini, aoshe mboga vizuri, nyama aipike iive kabisa, kwa sababu nyama isiyoiva ni njia kubwa ya kupata kimelea hicho. Akienda kliniki amweleze mkunga kwamba nyumbani kuna paka. Na paka mwenyewe umesema yuko wiki ya ngapi? Ya saba? Basi kesho mtafutieni boksi.