Sauti ya Tano Imekwenda Wapi?

IDRISA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulikusudia kuwafundisha hatua za kuutoa muziki wa violi tano, vyombo vya nyuzi vinavyopigwa kwa upinde, na kuuweka kwenye luti moja, jamaa ya udi, lakini kwanza dada Salma ana kesi ya wiki hii.

SALMA: Mshtakiwa ni mimi, kaka Idrisa. Jumamosi nilimpigia mwenzetu mmoja, mpiga violi, mpangilio wangu wa Lachrimae Tristes, mojawapo ya zile pavani saba, yaani dansi za taratibu za zamani, za mtunzi Mwingereza John Dowland zilizochapwa London mwaka 1604. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu zote, kisha akauliza: “Na sauti yangu iko wapi?” Kumbe katika kundi lao yeye ndiye hupiga sauti ya tano, na hiyo ndiyo niliyoiondoa.

IDRISA: Yaani mpangaji amefukuzwa na mpangaji, tena bila notisi!

SALMA: Notisi ilikuwepo, niliiandika pembezoni mwa karatasi. Nilishusha pavani nzima kutoka noti ya A hadi G, ili G ya besi ipatikane kwenye jozi ya sita ya nyuzi za luti bila kubonyeza chochote, na hata ile Lachrimae ya luti pekee, katika nakala nyingi za mkono, iko hapo hapo kwenye G. Shida ilianza sauti mbili zilipogombea uzi mmoja. A ya juu iko freti ya pili, yaani kigawanyo cha pili shingoni, ya uzi wa kwanza. Sauti nyingine ikitaka G ya juu wakati huo huo, haina budi kuhamia jozi ya pili, freti ya tano, na kidole cha nne kinyooke huku cha kwanza kikishikilia besi. Ongeza sauti ya tano hapo, na mkono hauna tena cha kutoa.

IDRISA: Basi mpangaji wetu apewe hata varanda. Mimi sikubali kwamba aondoke kabisa. Kitabu chenyewe cha 1604 kilichapwa ili kiwekwe mezani, kurasa zikitazama pande tofauti, watu wote wasome nakala moja huku wamekizunguka. Dowland alimtengea kiti. Kazi yako ni kumwita anapokuwa na neno: anapoingia na zile noti nne zinazoshuka kama alivyoingia mwenzake, au anapochelewesha noti ili igongane na besi kabla ya kutua. Akimaliza, anyamaze, na sikio litaendelea kudhani yumo.

SALMA: Sikio la nani? La kwako, kwa sababu umeisikia ikipigwa na violi tano. Asiyeijua atasikia noti isiyo na mwenyewe, imetokea katikati na kupotea. Ni afadhali sauti nne zinazotembea kutoka mwanzo hadi mwisho kuliko tano zenye viraka. Hiyo noti iliyocheleweshwa, ambayo upinde wa violi unaweza hata kuikuza, kwenye luti huwa imeshafifia kabla besi haijasogea chini yake.

IDRISA: Basi ipige tena.

SALMA: Ukiipiga tena imekuwa noti mpya, haikucheleweshwa.

IDRISA: Vincenzo Galilei, baba yake Galileo, alichapisha Fronimo huko Venice mwaka 1568, na kitabu kizima ni mazungumzo ya watu wawili kuhusu kazi hii hii ya kuhamisha sauti. Hata ukubali kuacha noti, zitafute kwanza sauti zote. Wapigaji wa luti waliacha manyoya ya kupigia nyuzi mwishoni mwa karne ya 15 wakaanza kutumia vidole, na faida yake ilikuwa hiyo: risha moja, kama ya udi wetu, haiwezi kugusa nyuzi zilizoachana kwa pamoja.

SALMA: Vidole hivyo vya kulia sina ugomvi navyo. Cha kushoto cha nne ndicho kinacholalamika, na Galilei hakunikopesha chake.

IDRISA: Mpangaji atakata rufaa.

SALMA: Akate. Alipe na kodi ya miezi aliyokaa bila kusikika.

IDRISA: Mimi sijashawishika hata chembe.

SALMA: Nami nitaipiga kwa sauti nne mwezi ujao, mpiga violi akiwa amekaa mstari wa mbele.

IDRISA: Mhandisi wetu ananionyesha saa. Ile hatua ya kuchagua nyuzi hatukuigusa, wala tofauti ya tabulatura, maandishi yanayoonyesha pa kubonyeza kwenye kila uzi, ya Kifaransa inayotumia herufi na ya Kiitaliano inayotumia namba, ambayo mstari wake wa chini ndio uzi wa juu.

SALMA: Hatuna muda hata wa moja. Tuwapigie sehemu ya kwanza tu.

IDRISA: Ya sauti nne au tano?

SALMA: Luti iko mikononi mwangu, kaka.